Mfano wa Neno Kupindua

Lilibaki neno moja tu. Kwa miaka kumi na tisa Jean-Baptiste, mwalimu mstaafu na mkunja vitambaa vya altare wa parokia yake, alikuwa akiandika kamusi ya Kiswahili cha Bukavu, na Jumamosi mchapaji angeipokea au asingeipokea tena. Asili ya kupindua aliijua: linatoka kwa kupinda, yaani kukunja polepole, mpaka siku mtu anapokosa subira na juu inakuwa chini. Alichokosa ni mfano. Mitano aliyoandika ilikuwa na marais ndani yake, na padri mhariri akaifuta yote kwa kalamu nyekundu.

«Tafuta mfano ambao haumwondoi mtu madarakani,» alimwambia.

Basi akashuka ziwani. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, mitumbwi ikaonekana imetundikwa hewani, milima ya ng'ambo ikaelea bila miguu, naye akatembea kama mtu anayeota kwamba ameamka. Ufukweni Maman Godelive alikuwa ameanika sambaza juu ya chandarua, vijisamaki visivyohesabika, vyembamba kama sindano.

«Papa Jean-Baptiste! Unaona ile mvua? Iko natoka Idjwi! Mutoto yangu Ariane iko Katana, anazaa. Leo weye njo Ariane wa kunisaidia. Shika kule!»

Akashika pembe mbili. Kando yao turubai lilikuwa limetandazwa tayari. Lakini mikono yake ilijua kazi moja tu: ikaanza kukunja chandarua kwa adabu, pindo juu ya pindo, kama baada ya komunyo. Samaki wa katikati wakasagika.

«Unapinda nini, papa? Iko misa hapa? Pindua!»

Tone la kwanza likatua kwenye miwani yake. Wakarusha pamoja. Kwa kitambo kirefu cha ajabu sambaza wote walikuwa angani, fedha tupu, ziwa likiwa juu na mawingu chini. Kisha wakalala juu ya turubai, matumbo juu, na Godelive akawafunika kwa nusu ya turubai iliyobaki. Ndipo mvua ikashuka.

Ijumaa Jean-Baptiste akapeleka karatasi: «Godelive alipindua chandarua, sambaza hawakulowa.»

Padri akaisoma mara tatu, kalamu mkononi.

«Huyu Godelive iko wa chama gani?»

«Wa sambaza, Padri.»

Padri akafikiri sana, halafu akaifunika kalamu.