Mkwe Nyuma ya Kikwembe

Mwaka wa 1951 familia sita za Waluba kutoka Kasai zilipewa nyumba katika kambi ya reli, Élisabethville. Wanawake wa Kibemba waliowatangulia waliwatazama kwa mbali, wakasema wageni hao wanaringa, hata chungu chao wanakifunika. Marceline, mke wa fundi Donat, hakukubali. Aliwaambia wenzake wapike wote Jumapili, wale na wageni kwanza, ndipo wawaseme. Wageni wakikataa, basi wamcheke yeye.

Jumapili bukari, ugali wa huko, ilikuwa tayari, na sombe ya majani ya muhogo, na samaki wa Kasenga, na mtungi wa munkoyo, kinywaji cha mahindi. Marceline alizunguka kama siafu. Katika safu ya pili ya nyumba alimkuta bibi mmoja aliyefika Ijumaa kwa treni, akimuulizia Kalenga, mmoja wa wageni, kwa sauti tamu ya mzazi. Marceline akajua huyo ni mama yake Kalenga. Akamshika mkono, akamleta bila kumweleza mpaka nyumbani kwa Kalenga, akamkalisha kwenye kiti kizuri mlangoni, penye kivuli.

Kalenga ndiye aliyekuwa mkubwa wa wageni. Asiponawa yeye, hakuna Mluba ambaye angenawa. Na Kalenga hakutokea. Bukari ikaanza kupoa. Wanawake wa Kibemba wakatazamana, mmoja wao, Bwalya, akaanza kutabasamu.

Marceline alimvuta kando Ngalula, mke wa Kalenga, akamuuliza mumewe ana nini.

"Iko ndani, anavaa tangu saa moja," alinong'ona Ngalula. "Atapita wapi? Ule mama haiko mama yake. Ni mama yangu miye."

Marceline alitamani ardhi immeze. Nyumba ya kambi ilikuwa na mlango mmoja. Dirisha lilikuwepo, lakini Kalenga alikuwa kapita, yaani msimamizi wa vibarua, na tumbo lake lilikuwa la kapita. Kumwinua mzee kwenye kiti cha heshima ni aibu. Mkwe kumpita mama mkwe uso kwa uso ni aibu zaidi. Siku hizi mkwe na mama mkwe hubanana kwenye teksi moja wakigombania dirisha, na hakuna anayeona haya. Wakati ule mtu mzima alikaa ndani na njaa yake.

Marceline akaenda kwa Bwalya, akamwambia kosa lake lote. Bwalya aliacha kutabasamu. Kwao pia mkwe ni mkwe. Alifungua kikwembe chake, kitenge cha juu, akaita wenzake watatu, nao wakafungua vyao. Wakavitandaza kuanzia mlangoni mpaka pembe ya nyumba, kama ukuta, wakifumba macho kwa adabu.

Kalenga akatoka ameinama. Chini ya nguo vilionekana viatu vyake tu, vinang'aa.

"Mama, mukwe wako anapita," alisema Bwalya.

Bibi aligeuza uso ukutani. "Miye minaona viatu tu," akajibu. "Viatu haiko mukwe. Vipite, vikule."

Waluba wakaangua kicheko, na Wabemba nao, hata vikwembe vikatetemeka. Nyuma ya nyumba Kalenga akaletewa maji, akanawa. Wengine wakanawa.

Walipoonja munkoyo, wageni walisema huo ni uji uliopotea njia. Bwalya akawaambia basi waache. Hawakuacha, mtungi uliisha kabla jua halijazama.