Fundi Bati Aliyeufungia Uchafu Kati ya Vifuniko Viwili

Jumanne asubuhi nilipigiwa simu na mama mmoja wa Bigwa anayetengeneza mbegu za uyoga. Hakusalimia. "Kaka, mtani wangu katuacha," alisema, na nikajua ni nani. Fundi bati mwenye karakana ndogo kandokando ya barabara alikuwa amefariki alfajiri, baada ya kuugua kwa miezi kadhaa, na maziko yalikuwa siku hiyo hiyo kwao Matombo. Barabara ya kwenda huko mnaijua ilivyo mbovu. Nilifika watu wameshatoka makaburini, wananawa mikono. Jina lake silitaji, kwa sababu aliwahi kuniomba nisimwandike. Kazi yake, hata hivyo, hakuniomba niifiche.

Kwa miaka mingi alitengeneza vitu ambavyo hatuvitazami mara mbili: faneli, mikebe, ndoo, vyombo vya kulishia kuku. Ninachotaka kuwaeleza leo ni vali aliyoitengeneza, yaani mlango mdogo wa kufungulia na kufungia njia ya kitu kinachopita. Mbegu ya uyoga ni punje za mtama zilizoivishwa kwa mvuke hadi vijidudu vyote vikafa, kisha zikaoteshwa utando mweupe wa uyoga. Utando ukishaenea, punje huhamishwa kutoka chombo kikubwa kwenda kwenye vyombo vidogo vyenye mtama mpya. Katika kuhamisha huko, vumbi lisiloonekana likiingia, baada ya siku chache chombo kizima huwa kijani kwa ukungu. Mama huyu alifunga madirisha, alipangusa kila kitu kwa spiriti, alijifunga kitambaa mdomoni. Awamu mbili mfululizo zilioza. Wakulima wa mlimani Matombo waliojenga mabanda ya uyoga kwa kumtegemea yeye walianza kunung'unika, naye alitamka wazi kwamba ya tatu ikioza, anafunga kazi. Mimi, niliyekuwa nimesoma kidogo juu ya vali za viwanda vya dawa, nilimwambia kwa upole kwamba hilo ni jambo la mitambo ya nje, halina dawa hapa kwetu. Alinishukuru, akaenda kwa fundi bati.

Nilimfuata siku ya pili kwa udadisi. Nilimkuta fundi amekaa kwenye kigoda nyumbani kwa mama, mikono magotini. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, bwana mwandishi, kaa huko usinizibie." Kisha akamgeukia mama. "Mtani, hamisha mtama wako kama unavyohamisha siku zote. Usione haya, sikuangalii wewe, hujapendeza kiasi hicho. Naangalia kifuniko."

"Nyie Waluguru tumewazoea mkiteremsha ndizi," mama akamjibu. "Leo mnateremsha na utaalamu?"

"Ndizi zetu hazioti ukungu, mtani."

Baada ya wiki alileta vyombo viwili. Kila kimoja kilikuwa na shingo, na ndani ya shingo kifuniko cha duara kinachozunguka kwenye kijiti cha chuma. Unaziunganisha shingo mbili, unabana, unazungusha vifuniko, punje zinashuka bila kuona hewa ya nje. Mama alipiga kigelegele. Mimi nilitikisa kichwa kwa kukubali. Fundi hakutikisa chochote. Alisaga mkaa ukawa unga, akaupaka upande wa nje wa kila kifuniko, akajaza mchele mweupe chombo cha juu, akaunganisha, akazungusha. Mchele aliumwaga juu ya shuka jeupe. Ulikuwa na madoa meusi kila mahali.

"Vizuri," akasema. "Tumemwona mwizi anapopitia."

"Unafurahia nini?" Mama alikuwa amesimama, sauti imempanda. "Mbegu zangu zikiwa hivi mimi ndiyo basi tena! Watu wa Matombo nitawatazamaje?"

"Nafurahi kwa sababu huu ni mchele, mtani. Mbegu zako bado zipo salama ndani."

Hapo ndipo nilipoelewa kosa letu sote. Tulihangaika na hewa, wakati uchafu ulikuwa umekaa mgongoni mwa kifuniko. Kifuniko kina upande wa ndani, ulio safi, na upande wa nje, uliokaa mezani na kushikwa na mikono. Kilipozunguka, upande wa nje uligeukia zinakopita punje. Kuunganisha shingo mbili kulikuwa ni kuufungia uchafu humo humo na punje. Spiriti ilisaidia, lakini haikufika kila kona.

Alirudi karakanani. Mara hii vifuniko alivifanya bapa kabisa na kuvisogeza hadi midomoni mwa shingo, ili vyombo vikiunganishwa migongo miwili ilaliane, mpira wa tyubu ukibana ukingo kuzunguka. Vikaungana na kuzunguka pamoja kama sahani moja. Uchafu wa hiki na uchafu wa kile ukabaki katikati, umebanwa, hauna pa kwenda. Akapaka mkaa tena, akapitisha mchele mwingine. Mama aliuchukua mchele huo, akauchambua kwenye ungo punje kwa punje, na asione doa. Fundi alipovitenganisha vyombo, mkaa wote ulikuwa pale pale mgongoni. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini huyu tulipomsifu alirudia jaribio lile siku nzima, hadi mama akalalamika kwamba mchele wa kupika umekwisha. Awamu ya tatu ya mbegu ilitoka nyeupe pe.

Mafundi wetu wengi, na nasema hivi kwa upendo, huacha skrubu moja wanayoijua wao peke yao. Ni kinga yao dhidi ya njaa, siwalaumu. Lakini ndiyo maana mashine nyingi katika mji huu hufa pamoja na waliozitengeneza. Huyu alimkalisha mama chini akamkabidhi bisibisi.

"Fungua yote."

"Mtani, nitaiharibu."

"Iharibu nikiwa hai."

Mama aliiharibu, akaitengeneza, akaiharibu tena kwa namna nyingine. Mwezi uliopita mpira ulilegea. Fundi alikuwa kitandani, haamki. Mama alikata mpira mpya mwenyewe, akaufanyia jaribio, akampelekea aushike kwa vidole. Aliupapasa, akasema tu, "Umekaa."

Msibani Matombo mkulima mmoja alimsogelea mama kwa heshima na hofu. Alitoa pole, kisha akauliza lililokuwa mioyoni mwa wengi: "Sasa mama, fundi ndiyo hayupo. Mbegu itakuwaje?" Mama alijifuta macho kwa upande wa khanga. "Ijumaa zinapanda gari, kama kawaida. Na ukitaka chombo chako mwenyewe, njoo Bigwa, nitakuonyesha kinavyokatwa."

Nimekuwa mwepesi wa kumsifu fundi kwa kitu kinachofanya kazi. Tangu Jumanne nimejiwekea swali lingine la kuuliza kwanza: nani mwingine anaweza kukifungua na kukirudisha? Kwa marehemu wetu jibu nililiona pale uani, watu watatu wameshamzunguka mama, wakimuuliza bati linalofaa ni la unene gani.