Kuandika Watu wa Uganda kwenye Ukuta wa Lobule

Niliondoka Arua kwenda kuchora Uganda nzima ukutani, na hofu ilikuwa nyingi. Madamu Viko, mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi huko Lobule, wilaya ya Koboko, alikuwa ameona bango nililochora kwenye saluni fulani mjini, akanipigia simu. Alitaka ramani ya nchi kwenye ukuta wa nje wa darasa, na juu yake majina ya watu wake, kila kabila mahali pake. Nilisema ndiyo upesi, kisha nikaanza kujuta. Sijasomea uchoraji wala historia. Uchoraji nilijifunza kwa kunakili mabango ya maduka, na historia nimeiokota kwenye vitabu vya kuazima na vipindi vya redio. Mtu aliyejifunza mwenyewe huishi akisubiri kukamatwa.

Nilikuwa na sababu nyingine ya kukubali. Baba yangu ni Mlugbara wa Ajia. Mama yangu, Hawa, ni Mnubi, mzaliwa wa Koboko. Wanubi ni Waislamu, wajukuu wa askari waliotoka Sudan zama za wakoloni, pamoja na Wakakwa, Walugbara na wengine wengi waliosilimu wakashika lugha yao na mavazi yao. Katiba ya Uganda inawataja. Ramani nilizokuwa nikinakili haziwataji, hata moja. Safari hii ukuta ulikuwa mikononi mwangu, na nilitaka watu wa mama wawepo.

Saa moja asubuhi nilipanda lori la sabuni lililokuwa likielekea mpakani, nikakaa mbele na dereva, makopo ya rangi katikati ya miguu. Dereva alikuwa mtu wa Mbale, mcheshi, mwenye maswali.

"Sista, kwenu huku wote ni askari?"

"Baba yangu anafuga nyuki."

"Lakini nyinyi mlitoka Sudan, si ndiyo?"

Swali hili nimelisikia tangu utoto, na kwa kawaida hucheka tu. Siku ile sikucheka. Nilimwambia kwamba baba wa babu yangu alilima mtama kwenye shamba moja pale Ajia maisha yake yote, na katika shamba hilohilo alitawaliwa kwanza na Mbelgiji, kisha na serikali ya Sudan, kisha Waingereza wakaamua kwamba yeye ni mtu wa Uganda.

"Huyo mzee alikuwa na pasipoti tatu!" dereva akasema.

"Hakuwa na hata moja. Alikuwa na jembe."

Akapiga honi kwa furaha, akaanza kunieleza juu ya mipaka ya shamba la baba yake mpaka tukapita Maracha.

Mchana nilifika Koboko, kwa Haboba Zaituni. Haboba ni nyanya kwa Kinubi. Yeye ni shangazi wa mama yangu. Aliinua kawa la rangi nyekundu na kijani kutoka kwenye sinia, chini yake kulikuwa na kisra, mikate myembamba kama karatasi, na mchuzi wa bamia. Alinishika vidole akavikagua.

"Mtoto ya Hawa, vidole nyembamba hivi ndiyo nachora Uganda?"

Nikamwonyesha mchoro wangu wa karatasi. Nilikuwa nimeupima na kuufuta mpaka karatasi ikatoboka. Kila kabila lilikuwa na rangi yake na ukingo wake mweusi, safi, kama vigae. Wanubi niliwapa rangi ya zambarau, kipande kidogo hapo Koboko.

Haboba aliweka kidole kwenye zambarau. "Sisi iko hapa tu? Dada yangu naolewa Gulu. Mtoto yake iko Jinja. Wewe mwenyewe iko Arua. Ukitia sisi hapa peke yake, umetufunga."

"Haboba, ramani inataka ukingo."

"Baba yangu nazaliwa Kakwa, huko Midia. Nakufa Mnubi. Kaburi yake iko moja. Sasa chora ukingo, mimi naangalia."

Akamega kisra akaendelea kula. Nikakunja karatasi. Ile kazi yote ya vigae ilikuwa takataka, na kesho yake nilitakiwa kuanza.

Asubuhi iliyofuata nilienda Lobule kwa boda, tukipishana na baiskeli zilizobeba magunia ya muhogo. Madamu Viko, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kusikika hata kwenye mvua, alinionyesha ukuta uliokwisha kupakwa chokaa. Nikasugua uzi kwa mkaa, nikauvuta na kuupiga ukutani ili uache mistari, kama tunavyofanya kwenye mabango. Kisha nikapaka Uganda yote rangi moja, ya udongo, bila vigae. Majina nikayaandika juu yake yakipitana, Acholi, Langi, Madi, Alur, Baganda, Bagisu, Karamojong, zaidi ya hamsini. Neno KAKWA nililianzia nje ya Uganda, upande wa Kongo, likapita Koboko, likaishia Sudan Kusini. Mstari wa mpaka ulipita chini ya herufi bila kuzikata.

Shule ile ina watoto wengi wa wakimbizi wa Kongo. Msichana mmoja alisimama nyuma yangu.

"Mimi ni Kakwa ya Kongo. Yangu iko wapi?"

"Hiyo K ya kwanza."

Akaigusa, akachafua kidole, akakimbia kuwaonyesha wenzake.

NUBI niliiandika kwa herufi ndogo mahali pengi: Arua, Gulu, Bombo, Jinja. Ya mwisho niliiandika Koboko.

Alasiri ya siku ya pili alikuja Mzee Lemi, Mkakwa, mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Alisoma ukuta polepole, akifurahi, mpaka alipofika Koboko.

"Painta, hii nini?"

"Wanubi, mzee."

"Hapana kabila hii. Hawa iko watu yetu ile naingia dini. Kijiji yao iko wapi? Futa."

"Katiba inawataja, mzee."

"Katiba hapana lima hapa. Leo jina iko kwa ukuta, kesho iko kwa shamba."

Watu walianza kukusanyika. Nikamgeukia. Nikamuuliza alikuwa wapi miaka ile ya baada ya 1979, serikali ilipoanguka na watu wa huku wakakimbia.

"Kongo. Mimi nasoma Kongo."

"Na huko walikuandika nani?"

Uso wake ulibadilika. "Mkimbizi. Naandika mkimbizi kwa kila kitu. Sasa mimi narudi kwetu, sitaki mutu aandike tena juu yangu!"

Nilimwonea huruma, naapa. Kwa sekunde chache nilitaka kufuta, ili mzee atulie na mimi nipendwe, kwa maana kupendwa ni ugonjwa wangu. Lakini jina alilotaka lifutwe lilikuwa la watu wa mama yangu.

"Mzee, mimi sifuti. Mama yangu yuko hapo."

Akachukua brashi ya chokaa mwenyewe. Akapaka. NUBI ya Koboko ikapotea. Madamu Viko akatazama viatu vyake.

Nikachovya brashi nikaandika tena, juu ya chokaa mbichi. Rangi ilichuruzika. Herufi ya N ililala upande, B ilivimba kama shavu la mgonjwa wa jino. Katika maisha yangu sijawahi kuacha herufi mbaya namna ile ikauka.

"Hii iko matusi," alisema Mzee Lemi.

"Ni jina, mzee. Ukifuta, nitaandika tena."

"Mtoto jeuri! Nani nakuzaa?"

"Hawa, wa Koboko."

Mtu akacheka nyuma, kisha wengi. Mzee alitupa brashi kwenye ndoo, akasema mkutano wa wazazi utaamua leo hiihii, akaondoka. Madamu Viko alinong'ona, "Nikiulizwa, niseme nani ameandika?" Kazi zangu huwa siziwekei sahihi, kwa kuogopa lawama. Nikaandika jina langu lote chini ya ramani, la baba na la mama, pamoja na namba yangu ya simu.

Jioni hiyo nilipanda gari la kurudi Arua. Nilikuwa nimekwenda nikiamini kwamba nikipima vizuri, nchi hii itaingia yote ukutani na kila mtu atapiga makofi. Niligundua kuna watu ambao kuwapo kwao tu ni ugomvi, na anayewaandika lazima awe tayari kugombana, hata kama anaogopa kuchukiwa. Mimi bado niliogopa.

Kabla hatujafika Maracha simu ililia. Sauti niliijua.

"Painta. Wazazi hapana elewana. Nusu nasema iache, nusu nasema futa. Wewe rudi ufute, maneno iishe."

"Hapana, mzee."

"Basi mimi nafuta."

"Futa. Nauli ya kurudi kuandika ninayo."

Nikasikia watu wakibishana nyuma yake kwa Kikakwa, kwa Kinubi na kwa Kiswahili, wote kwa wakati mmoja.