Akina Mama Waliokosekana Katika Jedwali la Chanjo

Kazi yangu hapa Uvira ni kuingiza takwimu za afya kwenye kompyuta, na baada ya mafuriko niliichukia kazi hiyo. Jedwali la kwanza lilikuwa la wajawazito waliopimwa kliniki. La pili, la akina mama walioleta watoto kwenye chanjo. Fomula yangu ilichukua kila jina la jedwali la kwanza, ikalitafuta katika la pili, na ikilikosa ilihesabu moja. Zaidi ya nusu walikosekana.

Mmoja wao alikuwa rafiki yangu wa mtaa wa Mulongwe. Ua mmoja ulitenganisha nyumba zetu, na hata huo tuliutoboa ili tuombane chumvi. Maji yalipozoa nyumba zile, mimi nilikuwa kwa shangazi, mtaa wa Kavimvira. Yeye alikuwa na mimba kubwa. Simu zilipotea, na namba nazo. Sikumwona tena, na niliogopa kuuliza.

Muuguzi mkuu akaja kuchungulia. "Mama, hawa bote balikufa?"

Nikamjibu kwa ukali kwamba fomula haijui kufa, inajua kukosa tu. Alipoondoka nikaanza kulisoma jedwali la pili kwa macho, mstari kwa mstari, nikajicheka. Kwetu mwanamke akishazaa, nani bado anamwita kwa jina lake? Wauguzi wa chanjo waliandika kama walivyosikia: Mama Fulani, kwa jina la mtoto.

Basi nikaigeuza fomula initolee waliomo katika la pili lakini hawamo katika la kwanza. Wakatoka wengi. Kati yao, kwenye kituo cha Lubarika, kulikuwa na Mama, kisha jina langu. Jina langu bibi alilitunga mwenyewe. Sijawahi kukutana na mwenzangu wa jina hilo.

Siku ya chanjo iliyofuata nilipanda pikipiki mpaka Lubarika. Rafiki yangu alikuwa ameketi kwenye benchi, mtoto kifuani. Aliponiona alipiga ukelele hadi watoto wa wenzake wakaanza kulia.

"Weye iko muzima?" Akanishika uso, akanishika mikono. "Minye nilijua maji ilikubeba! Nilimupatia mutoto jina yako, ili isipotee."

Kumbe muda wote ule nilipoogopa kuuliza habari zake, mimi nilikuwa nimeshaliliwa. Nikampokea mtoto, nikamwita kwa jina lake, nikalia mbele ya akina mama wote.