Sauti ya Marehemu Yatangaza Dawa ya Bawasiri

Muuza mchele wa Katoro amefariki. Mwanawe aliponipigia simu nilimwuliza mara mbili kama kweli anamzungumzia mama yake, maana majuzi tu nilimwona mnadani, kipaza sauti mkononi, akitangaza kwamba amepona.

Wengi tukitaja bawasiri tunashusha sauti. Mama huyu, mzaliwa wa Shinyanga aliyehamia Katoro kuwafuata wateja wa machimbo ya dhahabu, alisimulia bila haya jinsi alivyokuwa akitoka damu chooni, hadi muuza dawa mmoja alipompa unga wa mitishamba ya Kihindi, tiba ya kale aliyodai imethibitishwa. Choo kikalainika, maumivu yakatulia, damu ikapungua. Tangu hapo kila mnada aliitwa kutoa ushuhuda. Siku ile nilipomwona, mchimbaji kutoka Rwamgasa alimwuliza, akimwita mama kwa Kisukuma, "Shikamoo mayu. Hospitali walisemaje?" Akacheka. "Marahaba baba. Hospitali nikafanye nini, na mzima ndiye huyu unayemtazama?" Watu wakashangilia. Mchimbaji akanunua pakiti mbili.

Msibani mwanawe alinieleza kwamba mama yake alianguka dukani, wakamkimbiza hospitali. "Daktari alisema si bawasiri. Ni saratani ya utumbo mpana, imeshafika kwenye ini. Akatuuliza nani alimpima mwanzoni." Nikamwuliza walijibu nini. "Tungejibu nini, baba? Hakupimwa na mtu." Nikatafuta pa kukaa.

Nilimfuata daktari mmoja ninayemfahamu, nikitarajia aulaani ule unga. Hakuulaani. Alisema mitishamba inayolainisha choo huweza kumpa nafuu mwenye bawasiri, na mingine imefanyiwa utafiti, ingawa mdogo, usiotosha kuapia. "Lakini utafiti huo," akasema, "huanza kwa kuhakikisha mgonjwa ana bawasiri kweli." Mnada uliofuata nikaisikia sauti ya marehemu ikitoka kwenye spika: nimepona, jamani, nimepona! Walikuwa wamemrekodi. Nikamwambia muuza dawa kwamba mwenye sauti hiyo tumeshamzika. Alinitazama, akaizima spika.

Sina ugomvi na mitishamba; nimekulia humo. Kinachonitisha ni wepesi wetu wa kugeuza nafuu ya mtu mmoja kuwa ushahidi wa wote, wakati hata yeye hajajua anaumwa nini. Ukiona damu, msomaji wangu, meza aibu ukapimwe kwanza. Dawa utaichagua ukishajua unatibu nini.