Mama Aliyenyamaza Katikati ya Baba Yetu

Nakumbuka Jumapili moja ya vita, mwanangu, tulipokuwa tukisali bila padri. Padri alikuwa amevuka ziwa kwenda Kigoma, nusu ya mtaa wetu wa Kalemie ilikuwa imekimbia, na mabati ya kanisa yametobolewa na risasi. Sisi tuliobaki tuliongozwa na katekista, Papa Kabulo, mzee mpole mwenye koti moja tu, la mvua na la jua.

Mimi nilikuwa msichana wa kwaya, macho hayatulii. Macho hayo yakamwona Mama Ngoie, mjane aliyeuza dagaa sokoni, akifunga mdomo tulipofika "kama tunavyowasamehe waliotukosea." Alinyamaza hapo tu, kisha akaendelea na wengine. Jumapili iliyofuata, vilevile. Jambo hilo likaniwasha kama upupu.

Kwa nini sikumwuliza? Ujana, mwanangu. Niliwauliza wenzangu wa kwaya, nao, kwa kuwa hawakujua, wakabuni. Ulimi hauna mfupa. Mmoja alisema ameacha dini; mwingine, ana siri na wapiganaji. Wakati wa vita neno kama hilo ni moto kwenye nyasi kavu. Wiki mbili hazikuisha, vijana wakavunja vichanja vyake vya kuanikia dagaa, mchana kweupe, na sisi Wakristo tukitazama.

Papa Kabulo akaniita.

"Binti, ni wewe njo ulianza haya maneno?"

"Ndiyo, Papa. Nilitaka kujua tu."

"Na mwenyewe, ulimuuliza?"

Nikainama. "Hapana, Papa."

"Basi enda umuulize. Sasa hivi."

Nilimkuta Mama Ngoie akifunga vyombo vyake kwenye kitenge. Nikapiga magoti, nikaungama, kisha nikauliza. Hakunitukana.

"Mutoto wangu, muntu aliyeua bwana yangu ninamujua. Anapita hapa kila siku na bunduki. Nikisema nimemusamehe, ninamudanganya Mungu. Kila Jumapili ninajaribu, neno halitoki. Siku litatoka, nitalisema kwa nguvu."

Kumbe yule tuliyemdhania ameiacha dini, ndiye aliyekuwa akisikiliza anachosali! Sisi wengine tulikuwa tukiimba tu.

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya watu nikasema kosa langu. Wengine waliona haya, wengine hawakuniamini. Lakini Mama Ngoie alikwisha panda mtumbwi wa kwenda Moba kwa dada yake, na maji yakimwagika hayazoleki. Sikumwona tena. Mpaka leo najiuliza kama neno lile lilimtoka.

Mwanangu, siku hizi mji wetu umejaa tena watu waliokimbia vita. Utamwona jirani mgeni akifanya usilolielewa. Tamani kujua, kuuliza si ujinga. Ila swali lako lipeleke kwa mwenyewe, kwa adabu, ukiwa na nafasi ya kukaa na kumsikiliza. Akikataa kujibu, mwachie siri yake, maana huenda ndiyo mali pekee aliyoiokoa. Na usipojua, sema hujui. Neno hilo halijamvunjia mtu kichanja.

Mungu akupe masikio mapana na ulimi mfupi. Akulinde barabarani na ziwani, na nyumba yako isikose mgeni, wala ugali wa kumkaribisha.