Unyayo wa Bomba

Limbu hakuwa mtu wa kutazama watu usoni. Alitazama miguu. Kwa miaka arobaini, ng'ombe wakiibwa Zagayu, sungusungu walikuwa wanamwita yeye kwanza. Huinama, akalisoma vumbi, akasema mwizi anachechemea mguu wa kushoto, na kweli akikamatwa anachechemea. Alivaa koti refu la mtumba la Bariadi, jua liwe kali vipi, watu wakamtania kwamba anatembea na masika yake. Ukimsalimia "Mwadila," anakuitikia huku anakagua kandambili zako.

Aliishi na dada yake Kwandu, mjane. Moshi wa kuni ulikuwa umemtia wekundu machoni, na kwetu huko mwanamke mzee akiwa na macho mekundu tayari ana kesi ya uchawi, hata kabla kosa halijapatikana.

Kosa lilipatikana baada ya uzinduzi wa kisima. Alikuja mheshimiwa mmoja, jina tuliache, kila mtu anaye wa kwao. Akakata utepe, bomba likatoa maji, kina mama wakapiga vigelegele. Limbu mwenyewe alipiga makofi mpaka viganja vikamuuma. Siku ya tatu bomba halikuwepo. Lilibaki shimo kavu.

Selestini, mwenyekiti wa kijiji, aliitisha mkutano. Kusema kisima kimepotea hakuthubutu, maana ripoti ilishapelekwa juu kwamba Zagayu maji ni asilimia mia.

"Kisima kipo," alisema. "Ila kuna mtu amekifunika tusikione."

Macho yote yakamgeukia Kwandu, kwa sababu yeye ndiye aliyechota wa mwisho. Akapewa mpaka Jumapili. Asipokifunua anatengwa: hakuna wa kumsalimia, wala kumpa moto, wala kata ya maji.

"Nipeni siku hizo nifuate nyayo," Limbu akaomba. Wakamkubalia. Walimheshimu.

Pale shimoni aliinama, na kwa mara ya kwanza maishani hakuamini vumbi. Bomba lilikuwa limetoka kwa miguu yake. Vidole vitano kama vya mtu, ila kisigino kilikuwa na alama za nati nne. Akazifuata siku mbili, akipita kwenye mashamba ya pamba, mpaka kijiji kimoja upande wa Lalago, akakuta ngoma inalia na mheshimiwa yuleyule ameshika mkasi.

Bomba lilikuwa limesimama katikati ya watu, linahema, vidole vyake bado vina udongo wa Zagayu. Utepe ukakatwa. Watu walipokuwa wanashangilia, Limbu akauona utepe unajiunga wenyewe taratibu, kisha unajikunja na kuingia mfukoni mwa mheshimiwa.

"Hilo ni letu!" akapiga kelele.

Mama mmoja mwenye ndoo akamgeukia. "Baba, tuache tuchote kwanza." Limbu akampisha. Angekuwa yeye, angesema hivyohivyo.

Akaona bila ushahidi hataaminika. Kwenye tope la pembeni akachagua unyayo mmoja mzima, akaukata kwa panga pamoja na udongo wake, akauviringisha ndani ya koti. Siku mbili akaubeba kifuani kama mtoto mchanga, akiunyunyizia maji yake ya kunywa usipasuke. Aliingia Zagayu Jumapili, midomo imekauka, lakini moyo mweupe. Dada yake ameokoka.

Mkutano ulikuwa umekaa. Akalifungua koti mbele yao.

"Ushahidi huu hapa."

Wengine walirudi nyuma. Pale hakukuwa na mtoto asiyejua ni nani huwa anachota udongo wa unyayo wa mwenzake, akaufunga kwenye nguo na kwenda nao nyumbani. Limbu naye alijua. Alijua tangu utotoni, ila kwa siku nne alikuwa anawaza kisima tu.

"Mzee Limbu," Selestini alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomtisha. "Umechota unyayo wa mtu?"

"Si mtu! Ni bomba!"

"Unyayo huu una vidole vitano."

"Tazameni kisigino! Kuna nati!"

Hakuna aliyesogea kutazama. Na udongo, uliovumilia safari yote, ukapasuka hapohapo. Mtu nyuma akasema, "Kumbe ni nyumba nzima."

Kwandu alisimama, akajitanda khanga yake mabegani. Hakuwa na hasira, na Limbu angependelea awe nayo.

"Ilumbu," akamwambia kaka yake, "ungekuja mikono mitupu."

Waliondoka mchana huohuo na sufuria moja na kikombe. Kila nyumba waliyoipita, mlango ulifungwa. Limbu alilia waziwazi, mtu mzima, na koti lake lina matope.

Jioni, nje ya kijiji, wakapishana na bomba. Lilikuwa linaelekea kijiji kingine, limechoka, linachechemea mguu wa kushoto. Kwandu, mwenye kiu tangu asubuhi, akalikingia kikombe chake.

Halikusimama. Hapakuwa na wa kukata utepe.